Lenzi ya Ng'ambo ya Meko

Majimbo, Embu
4 Februari 2024

Mjomba wangu Kaimenyi,

Natumaini karatasi hizi zinakukuta mzima, wewe na Anti Gatakaa, na kwamba ng'ombe amezaa salama. Sisi hatujambo. Kithaka wangu yuko kwao Gachoka wiki hii akimsaidia mama yake kuvuna ndengu. Huko jua ni kali, lakini ndengu zimekubali. Karimi wetu ameanza darasa la pili, na bado anawasimulia wenzake kwamba ana babu anayezungumza kwa vidole.

Barua hii nampa Celina wa huko kwenu akimaliza kuuza parachichi zake hapa sokoni. Ningekutumia meseji, lakini najua maandishi ya simu huyaoni tena. Nimetumia kalamu nene na herufi kubwa, ndiyo maana kurasa ni nyingi. Pale utakaposhindwa, Anti atakusomea.

Mjomba, uliondoka kliniki siku ile bila kuniaga. Uliniuliza mara moja tu kwa mkono, "Kwa nini?", na mikono yangu ikashindwa kukujibu. Umenifundisha ishara tangu nikiwa mdogo, lakini nilizo nazo ni za chai, ng'ombe, njoo na usilie. Za kazi yangu sina. Acha nikuandikie.

Ndani ya jicho kuna lenzi. Yako imekuwa nyeupe kama maziwa, na huo ndio mtoto wa jicho. Daktari Wamuyu ataitoa na kuweka nyingine ya plastiki mahali pake. Ile ya plastiki haivuliwi kama miwani. Ikishaingia inakaa humo maisha yote. Kwa hiyo lazima tujue nguvu yake kabla ya kukata, na kazi yangu ni hiyo: kupima na kupiga hesabu.

Ninahitaji vipimo viwili, mviringo wa jicho kwa mbele na urefu wake kutoka mbele hadi nyuma. Mviringo ulipatikana bila shida. Urefu ndio uliotusumbua. Mashine yetu hupima kwa mwanga, na mwanga haukupita kwenye lenzi yako. Nikatumia ile nyingine inayotuma sauti ndani ya jicho na kusubiri mwangwi. Mara ya kwanza ilisema milimita ishirini na mbili. Mara ya pili ikasema karibu ishirini na tatu. Wewe ni fundi wa mageti, utasema milimita moja si kitu. Kwenye jicho, milimita moja ni lenzi tofauti kabisa.

Mtu mwenye macho mawili tungelinganisha moja na lingine. Lako la kushoto liliharibiwa na kile kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwa grinda, hatuna cha kulinganisha. Daktari akasema tusubiri. Hakuwa amekukataa, Mjomba.

Nisaidie kwa mambo mawili. Zamani, kabla ya ukungu huu, ulikuwa unaona mbali vizuri bila miwani? Na la pili: ukipewa jicho jipya, ungetaka lione nini vizuri zaidi? Mbali, au karibu, au katikati? Lenzi moja haifanyi yote.

Msalimie Anti.

Kinya wako


Githongo
3 Machi 2024

Kinya binti ya dada yangu,

Ng'ombe alizaa ndama jike. Gatakaa yuko salama. Kahawa imetoa maua baada ya mvua ya siku mbili, shamba lote linanuka vizuri, hata mimi nimenusa. Mama yako Makandi alituletea ndizi. Mwambie mama ya Kithaka namsalimu na namwonea wivu wa ndengu.

Umesema mashine yako inatuma sauti, na jicho langu linarudisha mwangwi. Basi jicho limenishinda. Mimi sijarudisha sauti ya mtu tangu ile homa ya uti wa mgongo nilipokuwa na miaka tisa.

Swali la kwanza. Niliona mbali kuliko watu wote. Katika shule ya viziwi rafiki yangu Mutegi alikuwa anasimama goli la ule upande, na mimi goli la huku, tukipanga jinsi ya kuiba maembe ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisimama katikati akidhani tunafanya mazoezi ya viungo. Sikukosa hata neno moja. Miwani ya kuona karibu nilinunua nikiwa mtu mzima, nilipoanza kushindwa kusoma alama ndogo za futi kamba. Ya mbali sijawahi kuvaa.

Swali la pili sikulielewa.

Sina haraka. Jicho ni moja tu, na bado linaona vya kutosha. Mageti nimeacha kwa muda, si kwa sababu ya jicho. Mgongo unauma.

Kaimenyi


Majimbo, Embu
17 Machi 2024

Mjomba,

Hongera kwa ndama. Karimi anauliza amepewa jina gani, na ameomba apewe la kwake. Kithaka amerudi na gunia la ndengu, nyumba nzima ni ndengu asubuhi na jioni. Nimempa Celina kilo mbili azilete kwenu pamoja na barua hii.

Nilipomsomea Daktari Wamuyu habari za goli na maembe, alicheka, kisha akaniambia nisome tena pole pole. Mjomba, umetusaidia kuliko unavyojua. Kama jicho lako lingekuwa na ile milimita ishirini na mbili, pamoja na mviringo ulio nao, ungehitaji miwani tangu ujana wako. Usingeweza kusoma vidole vya Mutegi mchana kutwa bila kichwa kukuuma. Kipimo kirefu ndicho kinachofanana na maisha yako. Kile kifupi nadhani kilitokea kwa sababu kifaa hugusa jicho, na jicho ni laini. Kikiegemea hata kidogo linabonyea, na mashine inaliona fupi.

Lakini "nadhani" haitoshi kwa mtu mwenye jicho moja. Nataka urudi tupime kwa njia nyingine. Tunaweka kikombe kidogo juu ya jicho, kama kile cha kupimia dawa ya kikohozi ila hakina chini, tunakijaza maji ya chumvi, na kifaa kinakaa ndani ya maji bila kugusa. Utahisi baridi tu.

Swali la pili ulilielewa. Nakujua. Ukisema hukuelewa jambo, umelielewa mpaka mwisho.

Niambie utakuja lini.

Kinya


Githongo
12 Mei 2024

Kinya,

Tumepata ndengu. Asante. Celina alikuwa mgonjwa, halafu mvua ilibomoa barabara, ndiyo sababu ya kuchelewa. Ndama anaitwa Karimi. Gatakaa hajambo.

Nimefikiria nikaamua tuache. Mzee wa hapa chini alifanyiwa mjini na hakuona tena. Mimi naona mwanga, naona mtu akipita. Inatosha.

Usimsumbue mama yako na mambo haya. Hapa hakuna kitu kibaya.

Mistari ikipanda juu ya mingine unisamehe, karatasi ilikuwa na umande.

Kaimenyi


Majimbo, Embu
2 Juni 2024

Mjomba wangu, na wewe Anti Gatakaa unayesoma,

Sisi wazima. Karimi amewaambia wote darasani kwamba ana ng'ombe wa jina lake. Embu kuna baridi, Majimbo yote inanuka makaa. Mama alikuja Jumapili, akakaa nasi siku mbili.

Mjomba, sikumsumbua. Ni yeye aliyenisumbua. Alisema alipofika kwenu jioni hakubisha, akasimama mlangoni. Aliwakuta mmeketi mkiwa mmeshikana mikono, akaona haya kama mtu aliyeingilia maarusi. Kisha akaona Anti anakuandikia kwenye kiganja, kwa kidole, herufi moja moja. Akaona pia kidonda cha goti lako. Uliposema umejikwaa, Anti alitazama chini. Mama anasema ulianguka kwenye mtaro wa kahawa na hukuweza kujua utokee upande gani.

Sikukasirikii. Lakini usiniandikie tena kwamba hapa hakuna kitu kibaya.

Habari za mzee wa huko chini sizijui. Sijui alikuwa na ugonjwa gani kabla ya upasuaji. Siwezi kukuapia kwamba hakuna hatari, maana hatari ipo, ndogo lakini ipo. Ninaloweza kukuambia ni kwamba lenzi yako inazidi kuwa ngumu, na kadiri inavyokuwa ngumu ndivyo kazi ya kuitoa inavyokuwa ngumu. Kungoja hakulindi jicho lako.

Nimejiuliza unachoogopa. Daktari Wamuyu naye aliniuliza, nikasema sijui, halafu nikakumbuka jinsi ulivyomtazama yule mama aliyetoka chumba cha upasuaji akiwa amefungwa bandeji. Ni hiyo? Kwamba watalifunga jicho, na usiku ule hutaona wala kusikia?

Nimezungumza naye. Hatalifunga. Atakuwekea ngao ya plastiki inayopitisha mwanga, kama dirisha. Wakati wa upasuaji nitakuwa nimeketi kando yako. Nikikubana kifundo cha mkono, usisogee. Nikikusugua mgongo wa mkono, mambo yanaenda vizuri. Nikikugonga kwa vidole viwili, tumemaliza. Wewe ukiumwa, inua kidole kimoja na kila mtu atasimama.

Na lile swali la pili bado nalingoja. Jibu hata kama hutakuja.

Kinya


Githongo
16 Juni 2024

Kinya,

Leo hakuna habari za ng'ombe.

Barua hii Gatakaa hajaisoma. Ameenda mkutano wa akina mama kanisani. Niko mlangoni kwa karakana, kwenye kivuli, na nimeweka kipande cha chuma kilichonyooka chini ya kalamu ili mstari usitoroke. Ninaandika kwa mazoea ya mkono. Kama neno moja limekaa juu ya lingine, subiri, utaelewa.

Ndiyo, ni bandeji. Mtu akifungwa jicho usiku mmoja, yeye anasikia hatua za nesi, anasikia kikohozi cha jirani. Mimi nitakuwa wapi? Niliwahi kuota nimezikwa nikiwa hai, na hakukuwa na udongo. Lilikuwa giza tu. Sikumwambia Gatakaa. Sasa wewe unajua.

Unajua jinsi alivyokuwa anazungumza. Akitoka sokoni ananiletea soko zima. Ednah amemwambia nini mke wa pasta, mke wa pasta amejibu nini, na uso wake unakuwa uso wa Ednah, kisha wa mke wa pasta, kisha wa mbuzi aliyekuwa anauzwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu hawezi kufanya hayo kwenye kiganja. Herufi zinafika moja moja, na zikifika mwisho nimesahau za mwanzo. Siku hizi ananiandikia vitu vya lazima. KULA. MVUA. MGENI. Jioni ananiandikia LALA, na mimi nalala, na yeye anabaki macho, najua kwa sababu kitanda kinatikisika. Nadhani analia. Simuulizi, kwa sababu nikiuliza lazima anijibu kwa kidole.

Umeuliza nataka kuona nini. Ulinipa mbali, karibu, katikati, na daktari wako bila shaka anapenda mbali. Sitaki kuona mlima. Mlima haujawahi kuniambia kitu.

Nataka kuona mikono ya Gatakaa na uso wake, yeye akiwa ng'ambo ya meko na mimi kwenye kiti changu. Nimepima kwa bomba ninalolijua urefu. Ni mita moja na robo, labda zaidi kidogo akirudi nyuma kukwepa moshi. Kama kuna lenzi ya hapo, nitakuja. Kama hakuna, usinidanganye.

Kaimenyi


Majimbo, Embu
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Natumaini mlifika salama baada ya kupima, na kwamba ile baridi ya asubuhi haikumrudishia Anti kifua. Karimi anaulizia viatu alivyosahau babu. Nimevihifadhi, utavikuta. Hukuvisahau, nadhani. Ni dhamana uliyoweka kwamba utarudi.

Hesabu imetulia. Kwa kile kikombe cha maji nilipima tena na tena, na kila mara mashine ilisema kitu kimoja: karibu ishirini na tatu. Mutegi wa goli la ule upande alikuwa sahihi.

Nikampelekea Daktari Wamuyu vipimo pamoja na barua yako. Unisamehe, nilimwonyesha sehemu ya meko tu. Aliisoma akiwa amesimama, akavuta kiti, akaketi.

Akasema, "Miaka yote hii watu wananiambia wanataka kuona vizuri. Huyu amenitajia mpaka mita."

Mjomba, lenzi ya hapo ipo. Kwa kawaida tunalenga mbali kabisa, kisha mtu ananunua miwani ya kusomea. Kwako tutaacha upungufu mdogo makusudi, ili mahali jicho linapoona vizuri zaidi pasogee mpaka kwenye meko yako. Mlima utakuwa na ukungu kidogo, na tutakupa miwani ya mbali kwa siku utakayoutaka. Kwa maandishi madogo utavaa miwani pia. Lakini ukiamka asubuhi bila kitu usoni, mikono ya Anti utaisoma.

Nguvu yake ni ishirini na mbili na nusu. Kama tungefuata kile kipimo cha kwanza tungeweka ishirini na tano, na ungeona kiganja chako vizuri sana na ng'ambo ya meko usione ila vivuli.

Sasa habari mbaya, ingawa ni ndogo. Nguvu hiyo imeisha stoo. Zilizopo zinaishia ishirini na moja, kisha zinaruka hadi ishirini na nne. Mwenzangu mmoja akasema ishirini na nne itafaa, mzee hatajua tofauti. Daktari aliniambia niagize Nairobi. Itachukua wiki tatu au nne.

Utangoja?

Kinya


Githongo
4 Agosti 2024

Kinya,

Geti likipungua upana kidogo halifungi, na mteja anajua tofauti. Mwambie mwenzako.

Nitangoja. Gatakaa amejua kila kitu, nilimwambia mwenyewe. Alinisugua mgongo wa mkono.

Kaimenyi


Majimbo, Embu
15 Septemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Nafurahi kusikia kutoka kwa mama kwamba dawa za matone unaweka bila kusahau na kwamba hujainama kuinua chuma chochote. Daktari amenituma nikuambie mara ya pili: usiguse grinda mpaka tukuruhusu, na ukiigusa siku hiyo, uvae miwani ya kinga. Sisi wazima. Kithaka anapanda mtama Gachoka, mvua ikikubali.

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo yaliyotokea siku ile ambayo hukuyasikia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Naona si haki nibaki nayo peke yangu.

Kabla hujaingia, Daktari Wamuyu alichukua kisanduku cha lenzi akakisoma kwa sauti: jina lako, jicho la kulia, ishirini na mbili na nusu. Akampa nesi, naye akasoma vivyo hivyo. Akanipa mimi. Nilisoma haraka mno, nikaambiwa nirudie. Nikarudia.

Ulipolazwa na kufunikwa uso, nilikushika mkono. Ulikuwa baridi. Nilikusugua na hukujibu, nikadhani umezimia. Halafu, Mjomba, ukaanza kuimba.

Sijui kama unajua uliimba. Haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya chini, ikipanda na kushuka mahali pake sawasawa. Nesi aliacha kupanga vifaa. Daktari akainua macho kutoka kwenye hadubini, nami nikakubana kifundo kwa hofu kwamba utasogea.

Daktari akasema, "Usimzuie. Kichwa hakisogei. Mwache aimbe."

Uliimba mpaka mwisho. Jioni nilimpigia mama simu nikamwimbia nilichosikia. Aliniomba niimbe tena. Akasema ni wimbo ambao nyanya alikuwa anauimba akichuma kahawa, na kwamba wewe ulikuwa unamwitikia ukiwa mtoto, kabla ya homa. Sisi wote tulidhani umeusahau, kwa sababu hakuna aliyekusikia ukiuimba tena. Haukukutoka.

Lenzi ya zamani ilikuwa ngumu, ilichukua muda kuitoa. Kuna wakati Daktari alisema, "Subiri, subiri." Sasa unaweza kujua. Mpya iliingia ikajifungua kama jani. Akasema, "Imekaa." Hapo ndipo nilipokugonga kwa vidole viwili, pengine kwa nguvu kuliko tulivyokubaliana.

Asubuhi yake unaikumbuka mwenyewe. Lakini ulikuwa umeupa mlango kisogo, hukuniona nikiwa nimesimama pale. Anti alikuwa mwisho wa kitanda, mikono ameificha kwapani. Alikuwa ameketi macho usiku wote, na sasa aliogopa kuitoa, asije akazungumza na wewe usione. Ukamtazama. Ukamwambia kwa mikono, "Mbona umenyamaza?"

Hukusikia alichofanya. Alicheka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akapiga ukelele, akacheka tena, hata mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka bila kujua sababu. Nesi alikuja mbio akidhani kuna msiba. Mimi nilienda nyuma ya jengo, nikaketi juu ya ndoo.

Wiki iliyopita nilipokupima, jicho lilikuwa pale pale tulipolenga. Nimepiga hesabu nyingi, Mjomba, lakini hiyo nimeiangalia mara nyingi kuliko zote.

Niambie nyumbani mambo yakoje.

Kinya


Githongo
20 Oktoba 2024

Kinya, mwanangu,

Ng'ombe anatoa maziwa ya kutosha na mengine yanaenda kiwandani. Ndama Karimi ana kichwa kigumu kama mwenye jina. Kahawa imeiva, nimechuma mwenyewe, nyekundu nikazitambua na za kijani nikaziacha. Miwani uliyonipa ya mbali nimevaa mara moja kutazama mlima. Uko pale pale.

Habari ya wimbo nimeisoma mara nyingi. Sikujua.

Umeuliza nyumbani mambo yakoje. Jana mimi na Gatakaa tumegombana.

Nilipotoka hospitali alinipitisha kwa mlango wa nyuma, akisema njia ya mbele ina matope. Niliamini. Wiki zote hizi nilikuwa natumia ule wa nyuma, kwa kuwa mlikuwa mmeniambia nisitembee sana. Jana nikaenda mbele kumngoja mtu wa maziwa, nikageuka, nikaona geti langu.

Kinya, geti lile nilichomelea mwenyewe mwaka tuliooana. Nililipaka rangi nyeusi, na ncha za mikuki rangi ya fedha. Watu walitoka Meru mjini kuja kuliiga. Sasa ni la waridi. Lote. Waridi kama keki ya harusi, mpaka kwenye bawaba.

Nilimwita kwa kupiga mguu chini. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama ng'ambo ya uwanja. Nikamuuliza ni nani amefanya hivi. Akasema ni yeye, mwezi wa tano. Nikamwambia ameniaibisha mbele ya wateja. Akasema wateja gani, wakati nilikuwa nagonga ukuta nikitafuta choo. Nikamwambia rangi ile ni ya saluni. Akaweka mwiko chini ili apate mikono yote miwili, na hapo nikajua mvua inakuja.

Alinisema, Kinya. Alianza na geti, akaenda kwenye mtaro niliouangukia, akaja kwenye lile goti, akataja mgongo wangu ambao hauumi, akaiga jinsi nilivyokuwa nakaa nikisema naona vya kutosha. Aliniiga mpaka midomo. Mimi nilikuwa namjibu kwa kasi, vidole vyangu vimekuwa vizito, lakini nilijibu. Celina alikuwa anapita na gunia la parachichi, akalitua barabarani, akaketi juu yake. Alice wa duka akatoka na wateja wake. Hakuna aliyeelewa neno, na hakuna aliyeondoka.

Alikuwa mbali kuliko meko. Mara mbili hivi. Vidole vilikuwa na ukungu kidogo. Sikukosa hata neno moja.

Mwisho nikamuuliza: rangi zote zile dukani, kwa nini hii?

Mikono yake ikapungua mwendo. Akasema alijaribu nyeupe, nikalipita nikaenda mpaka kwa jirani. Akajaribu manjano, nikalipita. Akaleta hii, na siku hiyo nikatoka barabarani, nikasimama, nikageuka nikaingia nyumbani bila kushikwa mkono. Akasema alikuwa amesimama pale dirishani akinitazama.

Mimi niliikumbuka siku hiyo. Nilikuwa naona weupe fulani wenye joto mahali pa geti, nikadhani ni jua linapiga chuma. Nilijisifu kwamba jicho limeanza kupona lenyewe.

Nilisimama pale uwanjani. Gatakaa akaokota mwiko, akaufuta kwa leso. Akasema sasa ninaweza kulipaka rangi nyeusi, chakula kinaungua, na akarudi ndani.

Leo asubuhi nimeenda kwa Alice nikanunua rangi. Ameniuliza kwa kuelekeza kidole, nyeusi? Nimemwambia hapana. Nimemwonyesha ile nyingine, kwa sababu kwenye bawaba imeanza kubanduka.

Mjomba wako,
Kaimenyi